Barua ya wazi kwa Waziri: Tunaomba daftari la kuondokea katika kila diko, yaani kila pwani vinapotia nanga vyombo vidogo

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa baharini, Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa heshima nikiwa nahodha wa mashua ya mashine inayovuka Mkondo wa Pemba kati ya Wete na Tanga. Tangu kuzama kwa MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, macho ya wengi yameelekezwa kwenye meli za abiria, na ni haki. Sisi wa vyombo vidogo tunabaki na cheti cha ukaguzi, ambacho hakisemi chochote kuhusu siku yenyewe ya safari.

Siku hiyo majaketi okozi yaliyohesabiwa na mkaguzi huwa yamesokomezwa omoni, mbele ya chombo, mengine bado yamo katika mifuko yake ya plastiki, yamelaliwa na madumu ya petroli na kamba ya nanga, wala hakuna atakayeyafikia maji yakishaingia. Nahodha anayeijua kazi huanza matayarisho tangu jana yake: hupapasa mishono ya mbao kuona kama kalafati, yaani pamba ya kuzibia nyufa, imeshika, hukausha ngama (chini ya chombo maji yanapojikusanya) jioni na kuitazama tena alfajiri ajue chombo kimevuja kiasi gani, huchukua plagi za akiba na kata ya kufulia maji, na mafuta huyagawa mafungu 3, la kwendea, la kurudia na la kutoguswa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tunausikia, ijapokuwa bei ikiwa nzuri ng'ambo wapo wanaojifanya viziwi.

Yote hayo yakikamilika, mashine bado inaweza kuzima katikati ya mkondo, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Hapo ndipo penye ombi langu. Kila diko liwe na daftari la kuondokea, alishike bwana diko, aandike jina la chombo, idadi ya watu, wanakokwenda, saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa kufika. Saa hiyo ikipita bila habari, awapigie KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo na kuokoa baharini, papo hapo. Maji ya mkondo huu hukimbilia kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao husukuma huko huko. Tukikadiria mwendo wa maili 2 tu kwa saa, kuchelewa saa 6 kunakipeleka chombo maili 12, na asiyejua kimeondoka saa ngapi hawezi kujua pa kuanzia kutafuta.

Nakuomba pia, Mheshimiwa, uagize kwa maandishi kwamba daftari hilo lisitumike kudai ushuru wala kusaka makosa ya leseni. Likigeuzwa la kodi, wenzetu watahamia bandari bubu usiku, na watakaobaki kuandikwa ni wale ambao tayari walikuwa waangalifu.

Wako mtiifu,
Nahodha wa mashua, Wete, Pemba