Tufundisheni kumtibu pomboo na nguva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni kwa miaka kadhaa. Mimi ni daktari wa mifugo katika wilaya moja ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Siku zangu zinapita kwenye mabanda na machinjioni: chanjo ya sotoka ya mbuzi, ndigana, kimeta, mbwa aliyeng'ata mtoto, ukaguzi wa nyama alfajiri. Kazi hiyo naijua na naipenda.

Asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa, mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni, wa kijiji jirani alinipigia simu. "Dokta, pomboo amekwama mchangani. Bado anapumua. Fanya hima." Nikapanda pikipiki na begi langu. Nilipofika kulikuwa na umati. Vijana walikuwa wakimmwagia maji kichwani kwa ndoo, kwa nia njema kabisa, na maji yakimwingia kwenye tundu la juu ya kichwa ambalo ndilo pua yake. Sikuwazuia. Sikujua kama nilipaswa kuwazuia.

Nilichuchumaa nikahesabu pumzi zake. Zilikuwa kumi na moja kwa dakika. Ng'ombe akihema ninajua amezidisha au amepunguza. Kwa pomboo sikujua kumi na moja ni nyingi au ni chache. Leo najua kwamba pomboo aliyetulia hupumua mara mbili hadi nne tu, kwa hiyo yule alikuwa taabani. Nilimchoma dawa kwa sindano ninayotumia kwa mbuzi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba chini ya ngozi yake kuna tabaka nene la mafuta, na kwamba sindano isiyolivuka tabaka hilo huiacha dawa humo humo isifanye kazi. Kisha vijana wakamshika mkia wakamburuta hadi majini. Alirudi mara mbili. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, tukamzika bila kumpasua. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Kwani alikuwa anaumwa nini, Dokta?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Katika miaka yote ya chuo sikufundishwa hata saa moja juu ya mnyama huyu. Naamini wenzangu wengi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wangesimama pale ufukweni kama nilivyosimama mimi.

Kuna watu husema mnyama ni mnyama, anayemtibu ng'ombe atamtibu na pomboo. Kilichotokea Florida mwaka 1955 kinawajibu. Watafiti waliobobea katika ubongo waliwapa pomboo dawa ya usingizi iliyokuwa ikitumika kwa wanyama wengine, na pomboo watano wakafa. Kwa pomboo, kupumua ni kitendo anachokifanya kwa kukusudia. Ukimlaza usingizi mzito anaacha kuvuta hewa. Ilibidi wasubiri hadi miaka ya 1960 ndipo daktari wa wanyama Sam Ridgway, aliyekuwa akifanya kazi na Jeshi la Majini la Marekani, akapata njia ya kumlaza pomboo salama, kwa mashine inayompumulia kwa mtindo wake mwenyewe: anavuta hewa, anaishikilia, kisha anaitoa na kuvuta nyingine papo hapo. Waliowaua wale watano hawakuwa wazembe. Walikuwa wasomi wakubwa wasiokuwa na mafunzo ya mnyama yule.

Vivyo hivyo ufukweni. Baharini maji ndiyo yanayoubeba mwili wa pomboo au nyangumi. Akishatua mchangani, uzito wake unamgandamiza mapafu na kuponda misuli yake, na taka za misuli iliyopondeka zinaingia kwenye damu na kuziharibu figo. Ndiyo maana anaweza kurudishwa majini, akaogelea vizuri huku watu wakipiga makofi, kisha akafa siku chache baadaye mbali na macho ya mtu yeyote. Halafu kuna joto. Mafuta yanayomkinga na baridi ya kilindini yanageuka kuwa blanketi juani.

Huduma ya kwanza yenyewe haina gharama. Mlaze kifudifudi. Chimba mashimo mchangani chini ya mapezi yake ya mbele ili yasikunjwe na uzito. Mfunike kanga zilizoloa mgongoni, uliache wazi tundu la kupumulia, tena usiruhusu maji wala mchanga kuingia humo. Mtengenezee kivuli. Punguza kelele, fukuza mbwa, usimshike mkia kumburuta. Siku ile kina mama waliokuwepo walikuwa wamejitanda kanga. Nilikuwa nimezungukwa na dawa na sikuijua!

Lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu, na kila mwana-BMU anaweza kuijua. Sehemu ya daktari inaanzia hapo: kutoa damu kwenye mishipa ya pezi la mkia, kuongeza maji mwilini mwa mnyama ambaye maisha yake yote hupata maji kutoka kwenye samaki anaowala, kisha kuamua. Huyu arudishwe baharini sasa hivi? Atibiwe kwanza? Au amefika mahali ambapo huruma ni kumpumzisha? Uamuzi huu wa mwisho ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Dawa tunayotumia kumlaza mbwa moja kwa moja hubaki kwenye mzoga. Fikiria mzoga wa nyangumi kwenye fukwe zetu, mbwa wa kijiji, kunguru, na watu wanaokuja na visu kukata nyama na mafuta. Daktari asiyejua hilo anaweza kuwadhuru wengi kwa sindano moja ya huruma.

Kuna wenzetu walioanza zamani. Kituo cha mamalia wa baharini kilichopo Sausalito, California, kilianzishwa mwaka 1975, na sehemu kubwa ya kazi zake hufanywa na watu wanaojitolea. Kinatibu zaidi sili na simba wa bahari, mamalia wenye mapezi wanaopanda pia nchi kavu, na pia hupokea madaktari wa wanyama kutoka nchi nyingine wakakaa hapo wakijifunza kwa vitendo. Mwaka 1998 simba wa bahari zaidi ya 400 walikufa au kuokotwa wakitetemeka na kupata degedege kwenye pwani ya California. Madaktari na wanasayansi wakashirikiana, wakagundua kwamba sumu ilitoka kwenye vijimea vidogo vya baharini, ikapita kwa samaki wadogo jamii ya dagaa, ikafika kwa simba wa bahari. Ni sumu ileile iliyoua watu waliokula kome nchini Kanada mwaka 1987. Kwa hiyo anayemtibu mnyama wa baharini analinda pia sahani ya mlaji.

Sisi tulipata somo kama hilo na sijui tulilifanyia nini. Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa kwenye pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari waliwapasua baadhi yao na kukuta matumbo karibu matupu. Zikasemwa nyingi: mitambo ya sauti ya manowari, sumu, kupotea njia wakaingia kwenye maji ya kina kifupi. Nawaheshimu sana waliofanya uchunguzi ule kwa vifaa walivyokuwa navyo. Ninachouliza ni hiki: likitokea tena kesho, ni madaktari wangapi wa wanyama tutakaoweza kuwaita wafike kabla jua halijaiozesha miili, wanaojua kipande gani cha sikio, ini au ubongo kikatwe na kihifadhiwe vipi?

Sasa nguva. Hapa, Mhariri, ndipo ninapokosa usingizi. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa makadirio kwamba waliokomaa hawafiki 250. Ngome yao kubwa ni Bazaruto, Msumbiji. Wanaofika kwetu, Rufiji, Mafia na Kilwa, ni wachache mno. Nguva jike huzaa ndama mmoja, na huenda ikapita miaka mitatu hadi saba kabla hajazaa mwingine. Akinaswa kwenye jarife, wavu mkubwa wa kutega, hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, na hata mvuvi akimtoa hai, huenda maji yameshaingia mapafuni. Wavuvi ninaowafahamu wako tayari kumwachia. Wanachouliza ni wamwite nani.

Watu wa Thailand walilikabili hilo mwaka 2019. Ndama wa nguva aliyepotezana na mama yake, wakampa jina Marium, alilelewa baharini karibu na kisiwa cha Libong, akinyweshwa maziwa na kulishwa nyasi za bahari na timu ya madaktari na wanakijiji. Alikufa Agosti mwaka huohuo. Walimpasua, wakakuta vipande vya plastiki vimeziba utumbo wake, na nchi nzima ikajua kilichomuua. Hata walio na mafunzo hushindwa, nalikubali hilo. Ila wao walikuwa na jibu la kumpa mzee aliyeuliza.

Najua nitakachojibiwa: ng'ombe wanakufa kwa kukosa josho, wewe unaleta habari za pomboo. Mimi ndiye ninayewatibu ng'ombe hao, na siombi hata shilingi moja iondolewe kwao. Hatuhitaji hospitali yenye mabwawa. Wizara yetu ni moja, ya Mifugo na Uvuvi, lakini pomboo aliyekwama huangukia katikati: afisa uvuvi ana mamlaka juu yake na si tabibu, mimi ni tabibu na simjui.

Ninachoomba ni hiki. Vyuo vyetu vinavyofundisha tiba ya wanyama viweke somo fupi la mamalia wa baharini, na wanafunzi wachache wapelekwe kila mwaka kwa watafiti wa bahari wa Zanzibar na kwa wenzetu wa Watamu, Kenya, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitibu kasa. Kasa si mamalia, lakini mikono iliyozoea kumtibu kiumbe wa baharini ina mengi ya kutufundisha. Sisi tulio kazini tupewe wiki moja ya mafunzo ya vitendo, wilaya zote za pwani. Madaktari wawili au watatu wapelekwe nje wakae miezi kadhaa kwenye kituo kama kile cha California, kwa sharti kwamba wakirudi watatufundisha sisi. Na tuanze na mizoga. Kila pomboo anayefia kwenye nyavu akipasuliwa kwa utaratibu mbele ya madaktari vijana, tutajua viungo vyake kabla hatujaletewa aliye hai.

Kati ya Julai na Novemba nyangumi wa nundu hupita tena mbele ya pwani yetu na ndama wao. Wiki hiyo ya mafunzo ikipangwa kabla ya hapo, popote itakapokuwa, nauli nitajilipia mwenyewe.

Wako mtiifu,
Daktari wa mifugo, Mkoa wa Lindi