Barua kwa mwanangu: huyo kuku usimngojee kesho

Zuhura mwanangu,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa sokoni na kelele zile sikushika kitu, nilivyofika nyumbani nikairudia ndo nikasikia vizuri, ati kuku mmoja kasimama pembeni toka asubuhi, kajitutumua manyoya, mkia kaushusha, anaingia kwenye kiota anatoka, anaingia anatoka, na we ukamalizia "nitamwangalia kesho mama". Kesho hapana. Huyo yai limemkwama, na wakikwamwa hivyo siku moja, mbili, wanakufa.

Kamshike sa hivi ukishasoma hapa. Mpapase taratibu chini ya tumbo, kati ya miguu na tundu la nyuma, ukikuta kitu kigumu cha mviringo basi ni lenyewe. Ukikuta tumbo limejaa lakini linabonyea kama mfuko wa maji hilo jambo lingine kabisa, kiini kimeangukia tumboni badala ya kuingia kwenye mrija wake, hapo usihangaike, mpigie bwana mifugo.

Kama ni gumu chukua beseni, maji ya uvuguvugu kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, jaribu kwa kiwiko, mkalishe yamfike tumboni, dakika 20 hata 30, umshike tu atulie. Halafu mkaushe sana, Dodoma mchana jua lakini usiku baridi, mpake mafuta pale kwenye tundu, vaselini au hata ya kupikia, mweke kwenye boksi lenye nguo chumba cha giza wasipopita watu. Duka la dawa za mifugo wana kalsiam ya maji, fuata kipimo cha kwenye chupa, umpe pembeni ya mdomo tone tone, ukimimina itamwingia kwenye mapafu. Akikaa saa kadhaa hajataga rudia maji. Ikifika asubuhi bado, usijaribu kitu kingine, mtafute daktari.

Na usimkamue. Hata ukiliona yai linachungulia usilivute, usimbinye tumbo. Likipasuka ndani yale maganda yanamchana na uchafu unabaki humo humo.

Yule mweupe wako nlikwambia kafa kwa mdondo. We mwenyewe ulikuwa mdogo hukuuliza, lakini mdondo hauchukui mmoja ukawaacha wenzake kumi wazima. Nilimbinya mimi. Nilisikia kabisa kwenye vidole linavyovunjika. Basi, ndo maana nasema usimkamue.

Sasa hili la taa. Kuwashia matetea ya wiki 14 taa usiku kucha na kuwapa chakula cha kutagia mapema vile, sijui nani alikwambia, najua uliniuliza na mimi nikajibu washie tu watage upesi, nilikuwa na hamu nisikie umeanza kuuza. Lakini na we umesoma, ungeuliza na kwa wataalam. Mwili wa kuku haujakomaa, nyonga nyembamba, halafu hao wanaoanza ndo wanapenda kutoa yai la viini viwili, litapitaje? Na chakula cha kutagia kina kalsiam karibu asilimia 4, cha kukuzia kama 1 tu, ukimpa mapema figo zake zinaumia. Hicho kinaanza wiki ya 18 hivi au ukiliona yai la kwanza. Wako sa hivi wanataga kwa hiyo waendelee nacho, ila taa washa jua likizama, zima saa 3 usiku. Inatosha.

Kalsiam ya ziada waweke kwenye chombo chake, usichanganye na chakula, kila mmoja ale anavyohitaji. Na iwe vipande vya maganda ya chaza, isiwe unga mtupu. Ganda linatengenezwa zaidi usiku kuku kalala, ganda moja linakula kama gramu 2 za kalsiam, vile vipande vinakaa kwenye firigisi vinayeyuka polepole mpaka alfajiri, unga unapita upesi. Kama huna chaza choma maganda ya mayai uyapondeponde, wasiyatambue, wakiyatambua wataanza kudonoa mayai yao. Na joto la huko mchana linawafanya waheme mdomo wazi, wakihema sana ganda linakuwa jepesi, kwa hiyo maji ya baridi yasikosekane na chakula kingi wapewe asubuhi na jioni.

Akishataga kisha ukaona nyama nyekundu imetoka nyuma hairudi, mtenge hapo hapo, wenzake wakiona wekundu watamdonoa mpaka utumbo. Osha kwa maji safi, nyunyizia sukari kidogo uvimbe unywee, uirudishe kwa kidole chenye mafuta, abaki gizani.

Na ile oksitetrasaiklini uliyoitaja, dawa ya kuua vijidudu, usikimbilie. Yai kukwama si ugonjwa wa vijidudu. Ukiambiwa na daktari uwape basi kalsiam isiwe kwenye maji hayo hayo, zinashikana dawa haifanyi kazi, na mayai ya siku hizo msile wala usiuze, siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakti.

Baba yako ile picha ya banda kawaonyesha watu wote barazani, mwanangu kajenga mwenyewe kwa mshahara wake, mpaka wanamkwepa. Presha yake imeshuka kidogo lakini vidonge anaruka, akikupigia mwambie, wewe anakusikia. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kachukua nusu ya hela hajarudi. Hamisi viatu vya shule vimembana tena.

Chanjo ya mdondo uliwapa lini? Hukunijibu wiki iliyopita. Ile ya tone la jicho, kila miezi 3.

Kesho asubuhi nampa kondakta mzigo wako, dagaa kilo 2 na kiroba cha maganda ya chaza, yameshapondwa. Kapokee stendi jioni usichelewe, dagaa zile nzuri zenu, zilizovunjika za kuku. Lakini huyo mgonjwa asingoje mzigo. Mtie kwenye maji leo, ukimtoa nipigie, hata ikiwa saa 6 usiku, simu naiweka na chaji karibu na kitanda.

Mama yako