Jedwali la makato ya kamisheni

Habari za jioni wapendwa. Lile jedwali la Google Sheets la kupigia hesabu ya kamisheni tunayokatwa na masoko ya mtandaoni tunakouzia limekamilika, linki nimeibandika juu ya kikundi. Kila mtu atengeneze nakala yake kwanza, tafadhali.

Wewe unajaza bei ya kuuzia, bei uliyonunulia Kariakoo, hela ya boda na asilimia ya kamisheni. Mengine linapiga lenyewe.

Nawaomba sana mtazame safu ya faida. Kamisheni hukatwa kwenye bei ya kuuzia, si kwenye faida. Kiatu umekinunua 22,000 ukakiuza 30,000. Kamisheni ya asilimia 10 ni 3,000. Toa na boda 2,000, umebaki na 3,000 tu, wakati kichwani ulishahesabu 8,000. Mimi niliuza hivyo miezi mingi, na iliniuma nilipoona.

Ukitaka 30,000 kamili ikufikie mkononi, usiongeze asilimia 10 juu yake. Utauza 33,000, watakata 3,300, utapata 29,700. Gawanya 30,000 kwa 0.9, yaani asilimia 90 inayokubakia, bei inakuwa 33,334. Fomula ipo safu ya mwisho.

Angalieni pia kama mnakatwa hadi kwenye hela ya usafirishaji. Soko la mtandaoni la Etsy, kwa mfano, hukata asilimia 6.5 ya bei pamoja na usafirishaji.

Mzigo ukirudishwa msifute mstari. Andikeni "umerudi", ili tufuatilie kama kamisheni nayo imerudi.

Atakayekwama anipigie, hata usiku. Nitakaa naye mpaka aelewe.