Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mfuko wa Utafiti: gharimieni na njia, si molekuli ya mwisho tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu sharti moja tu la ruzuku zenu: kwamba mradi wa usanisi kamili (kuunda maabara, hatua kwa hatua kutoka kemikali sahili) wa alkaloidi ya mmea, yaani kemikali yenye nitrojeni ambayo mmea huitengeneza, unahesabiwa umefaulu pale tu molekuli ya mwisho inapopatikana. Sisi tunaoshinda maabara tunaomba lifutwe.

Piga hesabu mwenyewe. Njia ya hatua 20, kila hatua ikitoa asilimia 90 ya zao linalowezekana (hapo umebahatika kweli), mwishoni unabaki na asilimia 12 hivi. Hatua zikitoa 80, unabaki na 1. Mwanafunzi akihangaika na hatua moja ya katikati mpaka akaipandisha kutoka 40 hadi 85, ameokoa mradi mzima. Kwenye fomu yenu hajafanya kitu.

Tazama yaliyoikuta kwinini, alkaloidi ya magome ya mkwinini. Mwaka 1918 wakemia Paul Rabe na Karl Kindler walitangaza kwamba wameipata kutoka kwinotoksini, dutu iliyo karibu nayo, ila maelezo yao yalikuwa haba mno. Mwaka 1944 Robert Woodward na William Doering waliunda kwinotoksini, wakaishia hapo; safari iliyobaki waliitegemeza kwa Rabe. Walisifiwa sana. Gilbert Stork, ambaye mwaka 2001 alisanisi kwinini huku akidhibiti atomu zake zielekee upande gani, aliyatilia shaka madai hayo. Mwaka 2008 ndipo Aaron Smith na Robert Williams waliporudia hatua ya Rabe kwa mbinu za enzi zake, na kwinini ikapatikana. Siri ilikuwa kwenye poda ya alumini inayotumika katika hatua hiyo: ikiwa mpya kabisa inasuasua, ikishakaa hewani ikashika oksidi kidogo inafanya kazi. Miaka 90 kabla ya jibu, kwa sababu ya kopo la poda!

Utaulizwa na wahasibu: si mmea unaitoa tayari? Unaitoa, lakini jinsi ilivyo. Anayeijua njia anaweza kubadilisha pete moja ya atomu katikati ya safari akapata dawa ambayo mmea hauitengenezi.

Basi tunaomba ripoti ziwe na kurasa za hatua zilizogoma na sababu zake, na sehemu ya ruzuku ilipe maabara nyingine irudie hatua ngumu kabla ya kuchapishwa. Tutashukuru kupata jibu lako kwa maandishi kabla ya awamu ijayo ya maombi.

Wako,
Mkemia wa alkaloidi