Malalamiko kuhusu makufuli ya baiskeli yaliyoandikwa "Halikatiki"

Tabora, 14 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Uagizaji wa Spea za Baiskeli,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAKUFULI YA WAYA NA YA U, NA MAELEKEZO YALIYOMO KWENYE PAKITI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi baiskeli na wauza spea wa hapa Tabora. Tunalalamikia makufuli yenu mawili: la waya lenye namba nne, na la chuma lenye umbo la herufi U, lenye ufunguo wa duara (ncha yake ni kama bomba dogo). Pakiti zote zimeandikwa "Halikatiki, milimita 12".

Tuanze na la waya, maana ndilo linalonunuliwa zaidi. Hizo milimita 12 ni waya pamoja na plastiki yake. Ukiichuna kwa kisu unakuta waya wa milimita 5, nao si chuma kimoja bali nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Mkasi wa kukatia nondo unaumaliza kwa mkato mmoja. Asiye na mkasi anatumia plaizi, anakata nyuzi chache chache, kimya, amechutama kama mtu anayejaza upepo. Plastiki kazi yake ni kuzuia rangi ya fremu isichubuke, basi.

Namba nne zinatoa michanganyiko 10,000, na pakiti inajisifia hilo. Lakini vipete vya namba vimelegea. Mwizi huuvuta waya kwa mkono mmoja huku akizungusha kipete kimoja kimoja. Kikifika kwenye namba yake vidole vinahisi kinanasa. Hana haja ya kujaribu mara 10,000. Kila kipete kina namba kumi, vipete vinne, jumla arobaini, na mara nyingi hazifiki.

La U ni zito mkononi, ila tupa inasema mengine. Juu ya chuma kilichokomazwa tupa huteleza. Juu ya chuma chenu inang'ata na kutoa unga, kwa hiyo msumeno nao utakula. Kitasa ndicho kibaya zaidi. Vitasa vya ufunguo wa duara viliumbuka mwaka 2004 huko Marekani, ilipoonekana kwamba makufuli ya Kryptonite yanafunguka kwa bomba la plastiki la kalamu ya Bic: unalisukuma ndani, plastiki inachukua umbo la pini, unazungusha. Kampuni ile iliwabadilishia wateja bila malipo, ikahamia funguo bapa. Ninyi mnatuletea kitasa cha namna hiyo leo! Isitoshe, ndani ya katoni moja kuna funguo zilizochongwa sawasawa, ufunguo wa kufuli hili unafungua na lile.

Sasa picha ya kwenye pakiti. Inaonyesha kufuli limefunga tairi la mbele kwenye nguzo. Atakayeiga atakuta tairi limebaki na baiskeli imeondoka, kwa sababu nati za mbele zinafunguka kwa spana moja. Chapisheni picha inayoonyesha U imepita kwenye rimu ya nyuma, ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, ile iliyo chini ya siti, kisha ikazunguka nguzo. Hapo rimu haichomoki na fremu haitoki. Nafasi inayobaki ndani ya U iwe ndogo, mtaimbo usipate pa kuingia. Kufuli lisigusane na ardhi, kwani likilala juu ya sakafu nyundo inapata fuawe. Tundu la ufunguo litazame chini. Na nguzo iwe ndefu au yenye kitu juu. Fupi, mwizi anaipandisha baiskeli na kufuli lake na kuitoa kwa juu.

Karatasi ya maelekezo inasema tundu la ufunguo lipakwe grisi. Kwa vumbi la hapa huo ni ushauri wa kuua kufuli. Grisi inashika vumbi, pini zinakwama, mteja analazimisha ufunguo unakatikia ndani. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Tunaomba haya: neno "Halikatiki" liondolewe, unene uandikwe wa chuma chenyewe, si wa plastiki, la U lije na ufunguo bapa na chuma kilichokomazwa kweli, funguo za katoni moja zitofautiane, picha na karatasi vibadilishwe. Makufuli yaliyoko madukani myachukue na kurudisha fedha, na wateja wenye risiti nao walipwe. Sampuli tulizozichuna na kuzipiga tupa tunazo, mnakaribishwa kuzikagua.

Tunawapa siku 21 kujibu kwa maandishi. Baada ya hapo tutapeleka sampuli na pakiti kwa Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa.

Wenu,
Mafundi baiskeli na wauza spea,
Tabora.