Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Hasa Anauza kwa Jina Letu?

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha. Mimi nitabaki na kazi iliyoishughulisha zaidi kamati: kutafuta kipimo cha ahadi za kampuni za hoteli hapa Zanzibar kwamba zinanunua kwa wauzaji kama sisi: wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ahadi zimejaa kwenye vipeperushi. Hesabu inayokaguliwa haipo.

Tumeuangalia mfumo wa Afrika Kusini, ambako Sheria Na. 53 ya 2003 ililenga kuwafungulia uchumi watu weusi waliofungiwa nje na ubaguzi wa rangi. Kampuni hupewa alama katika umiliki, uongozi, mafunzo, uendelezaji wa wauzaji na huduma kwa jamii, kisha daraja la 1, lililo la juu, hadi la 8. Ikinunua kwa muuzaji wa daraja la 1, kila randi 100 ya manunuzi hayo huhesabiwa 135. Wa daraja la 2, 125. Asiye na daraja, sifuri. Muuzaji mdogo, mwenye mapato yasiyozidi randi milioni 10 kwa mwaka, halipii wakaguzi. Hula kiapo cha maandishi kuhusu mapato na umiliki wake, kinachodumu miezi 12. Biashara yake ikimilikiwa yote na watu weusi huwa daraja la 1. Ikiwa ni asilimia 51 au zaidi, la 2.

Makali ya mfumo huo yako hapa: kampuni kubwa isiyofikia asilimia 40 ya kiwango kilichowekwa katika umiliki, mafunzo au uendelezaji wa wauzaji hushushwa daraja moja. Kuchangia madawati ya skuli hakuiokoi.

Tatizo lao kubwa ni jina la kuazima. Mtu anaandikwa mwenye hisa, lakini benki hatii saini wala gawio halioni. Tangu marekebisho ya 2013 hilo ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 10, na kampuni hutozwa faini hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Kwetu mchezo huo unaweza kuja hivi: kikundi kina jina la akina mama, tungule zimevuka na boti kutoka bara, faida ni ya dalali. Ndiyo maana fomu tunayoipendekeza inauliza nani anatia saini benki, nani anapanga bei, na mzigo umevunwa shehia gani. Jibu moja likikosekana, mauzo hayo hatuyahesabu.

Sheria ile haina nguvu Zanzibar. Tunachokopa ni namna ya kuhesabu, na mahali pake ni ndani ya mkataba na hoteli. Hoteli ikitoa hati za kuagiza mzigo (LPO) za shilingi milioni 10, ikapokea mzigo wa milioni 6 na kulipa milioni 4, tunaandika milioni 4.

Pengo hilo mara nyingine linaanzia kwetu. Kreti yenye tungule mbivu na mbichi pamoja inarudishwa mlangoni. Ankara isiyo na risiti ya VFMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, mhasibu wa hoteli huiweka kando. Jina la akaunti likitofautiana na usajili wa BPRA, wakala wa usajili wa biashara, hata kwa herufi moja, malipo hurudi. Basi pimeni mbele ya mtunza stoo, aandike kilo alizozikataa na sababu, atie saini, nanyi mwondoke na nakala. Walio Pemba waandike nauli ya boti mstari wa peke yake, isije mboga yao ikaonekana ghali.

Tunapendekeza kupima manunuzi ya hoteli kwa mwaka mzima, kwa kuwa Aprili na Mei, masika yakikolea, wageni hupungua na hoteli nyengine hufunga. Malipo lakini yasingoje mwaka. Mkulima anayesubiri miezi mitatu ndiye anayeikopesha hoteli, tena bila riba, huku mbegu ya msimu ujao akiinunua kwa deni.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: fomu ya maswali matatu, na kifungu cha kulipwa ndani ya siku 30 tangu hati ya kupokelea mzigo iliposainiwa. Nakala ziko kwa katibu. Wasioona watasomewa kabla ya kura.