Jeni ya TIRAP si hirizi ya malaria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe msemo mmoja ambao umeshaingia hadi darasani kwangu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alinijia na kipande cha gazeti alichokikata, chenye kichwa cha habari kilichotaja "jeni ya kuzuia malaria", akaniambia, "Mwalimu, sisi kwetu hatuugui ovyo, bila shaka tunayo." Nilipomuuliza chandarua walichogawiwa kiko wapi, alijibu bila kusita kwamba mama amekifunika juu ya kitalu cha mchicha ili kuku wasidonoe.

Jeni iliyokuwa ikizungumziwa ni TIRAP, ambayo sote tunayo katika kromosomu ya 11, mwenye kuugua na asiyeugua. Kazi yake ni kubeba maelekezo ya kutengeneza protini ndogo yenye asidi amino 221 (vipande vinavyounda protini), iitwayo pia Mal, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 2001. Wataalamu huiweka katika kundi la protini unganishi, lakini darasani mimi huiita mshenga, na wanafunzi hunielewa upesi. Kipokezi kilichoko kwenye utando wa seli kinapogusa kipande cha bakteria, hakiwezi kuifikisha habari ndani peke yake. Mal, iliyojibanza upande wa ndani wa utando huohuo, hukishika kipokezi kwa upande mmoja na kwa upande wa pili huishika protini nyingine iitwayo MyD88, kisha habari hupokezanwa hatua kwa hatua hadi kwenye kiini cha seli, ambako jeni za kupambana na maradhi huamshwa. Mshenga haoi wala haolewi, ila asipokwenda, posa haifiki.

Sasa, habari yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti wa watu 6,106 kutoka Uingereza, Vietnam na nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Kenya. Watafiti walikuwa wakifuatilia badiliko moja dogo katika jeni hii, ambapo asidi amino ya 180, ambayo kwa kawaida ni serini, inakuwa lusini. Waligundua kwamba watu wenye nakala moja ya kawaida na nakala moja iliyobadilika walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa miongoni mwa wagonjwa wa malaria, wa kifua kikuu na wa bakteria walioingia kwenye damu. Maelezo yao yanavutia: mshenga mwenye pupa huwasha mwili kupita kiasi, hata madhara ya ugonjwa yakatokana na mwili wenyewe kujishambulia, ilhali mshenga mzembe humwacha adui aingie, nakala moja ya kila aina huleta wastani. Kwa hiyo aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia hapati faida hiyo, jambo ambalo kichwa cha habari hakikuligusa kabisa.

Tena hata hayo hayajakubalika kila mahali. Mwaka 2008, jarida hilohilo lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu wa Ghana, Urusi na Indonesia, na uhusiano ule haukuonekana. Hiyo si aibu kwa sayansi, ndiyo kazi yake. Lakini mwandishi anayeichukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili humpa msomaji hirizi badala ya habari. Hata seli mundu, ambayo ushahidi wake ni mzito zaidi, haimzuii mwenye nakala moja kuambukizwa malaria. Humpunguzia tu hatari ya kuzidiwa.

Ombi langu kwa waandishi wa habari za afya ni dogo. Andikeni kwamba badiliko fulani la jeni "limehusishwa na kupungua kwa hatari", mtaje ni kwa nani na ni katika utafiti upi, na kama kuna utafiti uliopinga, uwekwe katika aya ya pili, usisukumwe mkiani ambako wengi hawafiki.

Yule mwanafunzi nimemtuma nyumbani na mchoro wa mshenga kwenye daftari lake amweleze mama. Kwa ajili ya mchicha, nimemwahidi kipande cha wavu wa zamani wa kuvulia samaki.

Mwalimu wa Biolojia,
Kilifi